"My" ni kiwakilishi au kivumishi? Na aina za maneno ya Kiingereza ni nane au tisa?

BabaWawili

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada wa watu wa lugha maana hapa nyumbani tumebishana tangu juzi na hakuna aliyekubali kushindwa. Kijana wangu yuko darasa la sita, hizi shule za inglishi midiamu, kaja na mtihani wa mwezi kuna swali wamepewa sentensi "My brother runs fast" wataje kila neno ni aina gani. Kwenye "brother" na "runs" kapata, nomino na kitenzi, hilo halina ubishi. Kwenye "fast" kaandika kivumishi, kakosa. Kwenye "my" kaandika kiwakilishi napo kakosa, mwalimu kapiga mstari mwekundu na pembeni kaandika ditamina. (Majina mengine naandika ya Kiswahili makusudi maana mama watoto naye anafuatilia huu uzi.)

Sasa mimi wakati nasoma "my" tuliambiwa ni kivumishi cha kumiliki, na aina za maneno zilikuwa nane tukaziimba mpaka leo nazikumbuka kwa mpangilio wake. Hiyo ditamina haikuwepo. Shemeji yangu aliyemaliza shule majuzi tu anasema ni tisa. Nimeingia mtandaoni nimekuta nane, nimekuta tisa, kuna mmoja kaweka kumi kabisa. Hivi hii lugha inabadilishwa kila mwaka kama mitaala yetu au kuna watu hawajui wanachofundisha? Na hiyo "fast" kwa nini isiwe kivumishi wakati "fast car" walifundishwa wenyewe darasani ni kivumishi? Nataka kwenda kuonana na mwalimu ila sitaki kwenda kuumbuka.

Kipanga_Pwani

Nane ni za shule ya kata mkuu, ya tisa mnailipia ada 😂😂

Chaki_Nyeupe

Baba Wawili usiende na hasira, mwalimu yuko sahihi, ila na mtoto wako hajapotea kiasi unachodhani. Nafundisha Kiingereza sekondari na hiyo "my" kila kidato cha kwanza kipya nakutana nayo.

Nianze na "fast" maana yenyewe ni nyepesi. Watoto wengi wanadhani neno la Kiingereza linazaliwa na aina yake halafu linakaa nayo milele, likishaitwa kivumishi kwenye "fast car" basi popote likionekana ni kivumishi. Tunaponzwa na Kiswahili chetu kwenye hilo, maana kwetu neno mara nyingi linajitaja kwa umbo, ukisikia "mpishi" unajua ni mtu, "mapishi" ni kitu, "anapika" ni kitendo, hata kabla sentensi haijaisha. Mwingereza yeye ana "cook" moja. "The cook is late" hapo nomino, "They cook rice" hapo kitenzi, na hakuna herufi iliyoongezeka wala kupungua. Kiingereza cha kale nacho kilikuwa na miisho mingi ya maneno, ikapukutika kadiri karne zilivyoenda, ndio maana sasa neno linatoka aina moja kwenda nyingine bila kubadilisha nguo.

Kwa hiyo angalia linafanya kazi gani pale lilipo. "My brother runs fast", hiyo "fast" inasema kukimbia kwenyewe kukoje, ni kielezi. "A fast car" inasema gari likoje, kivumishi. Sasa angalia mtego, "My brother is fast", iko mwisho vilevile kama ile ya kwanza lakini hapa inamsema kaka, ni kivumishi. Halafu "Muslims fast during Ramadan" ni kitenzi, kufunga huko. Na "He broke his fast with dates" ni nomino. Neno moja, kazi nne, tahajia ileile.

Na mwambie asitegemee sana ule mwisho wa -ly. Wanakaririshwa kwamba ukiona -ly ni kielezi, halafu wanakutana na "friendly", "lonely", "ugly", vyote vivumishi. Upande wa pili "fast" ni kielezi na haina -ly, hakuna kitu kinaitwa "fastly". Mbaya zaidi ni "hard" na "hardly", "He works hard" ni mchapakazi, "He hardly works" ni mvivu, nimeshasoma barua ya kuombea kazi kijana kajisifia kwa hiyo ya pili.

Kuhusu "my". Jaribio langu darasani ni moja, nawaambia weka "the" mbele yake. "The big house" sawa, "the old house" sawa, "the my house" haipo. Weka "very", "very big" sawa, "very my" haipo. Sasa kama ingekuwa kivumishi kama vingine mbona inakataa vyote hivyo? Inakataa kwa sababu inashika nafasi ileile ya "the", nafasi moja hairuhusu wawili. Ndipo wanapokaa "a", "this", "every", "some", "each", na "my" yuko humohumo. Hilo kundi ndilo linaitwa ditamina, kwa Kiswahili wengine wanaita vibainishi. Wewe uliyefundishwa kivumishi cha kumiliki hukudanganywa, wale wa zamani walikuwa wanaangalia kwamba iko mbele ya nomino na inaifafanua, wakaona inatosha kuiita kivumishi.

Msoma_Pembeni

Mwalimu kamaliza vizuri ila hapo kwa mtoto nataka nimtetee zaidi, maana "kiwakilishi" sio jibu la mtoto aliyebahatisha. Kuna kitabu kikubwa cha sarufi ya Kiingereza kilitoka Cambridge mwaka 2002, cha Rodney Huddleston na Geoffrey Pullum, kina kurasa zaidi ya elfu moja mia nane, na humo "my" ni kiwakilishi. Hoja yao ni kwamba "my" ni "I" ileile ikiwa kwenye hali ya kumiliki, kama vile "me" ni "I" ikiwa inatendwa. Na wao ditamina hawaikatai, wanasema tu kwamba hiyo ni kazi ambayo "my" inafanya kwenye sentensi, lakini aina yake inabaki kiwakilishi. Yani jina la kazi na jina la aina ni vitu viwili, na ugomvi wote wa hapa kwako nyumbani unatokana na kuvichanganya. Kwa hiyo baba, mwana na mwalimu, kila mmoja ana wataalamu nyuma yake.

Na huu ugomvi ni mzee. Kitabu cha sarufi kilichotawala shule za Uingereza na Marekani kwa miaka mingi ni cha Lindley Murray, kilitoka 1795, mwenyewe alikuwa mwanasheria Mmarekani aliyehamia York akakiandika kwa ajili ya shule ya wasichana. Huyo "my" alimweka kwenye viwakilishi, lakini akaviita viwakilishi vya kivumishi! Hakutaka kugombana na mtu.

Sasa hesabu ya nane au tisa. Nane ilianza kwa Wagiriki, kuna sarufi fupi inayohesabiwa kuwa ya Dionysius Thrax, karne ya 2 kabla ya Kristo, ndiyo ina sehemu nane. Ila nane zake sio ulizoimba wewe. Kivumishi hakimo, kilikuwa ndani ya nomino. Kihisishi hakimo. Badala yake kuna zile "a" na "the" za Kigiriki na kuna kitu katikati ya kitenzi na nomino ambacho leo tunakihesabu kama umbo la kitenzi. Warumi wakaichukua, lakini Kilatini hakina "the", pakabaki pengo, wakaweka kihisishi ili nane itimie. Waingereza nao walipoanza kuandika sarufi ya lugha yao, ya kwanza inayojulikana ni ya William Bullokar 1586, walikuwa wanafuata Kilatini hatua kwa hatua, kwa hiyo nane ikaja hivyohivyo. Baadaye kivumishi kikatengwa na nomino, "a" na "the" zikarudishwa, na kwa Murray unakuta tisa.

Ukikuta tisa leo usidhani ni zilezile za Murray. Yeye ya tisa ilikuwa "a" na "the" peke yake, siku hizi hizo zimemezwa na ditamina pamoja na "my" na "this" na wenzake. England neno ditamina limo kwenye mtaala wa shule za msingi unaotumika tangu 2014, watoto wa mwaka wa nne wanalisoma, na vitabu vingi vya inglishi midiamu vinafuata kule kule. Ndio maana wewe hukuwahi kulisikia.

Mzee_wa_Landcruiser

Samahanini wasomi. Mimi naendesha watalii Arusha huku, naongea na wazungu kuanzia asubuhi mpaka jioni, wanacheka, wanalia kwenye kuagana, bakshishi wanatoa, na hiyo ditamina ndo kwanza naisikia leo. Hivi mnamfundisha mtoto Kiingereza au mnamfundisha kukiogopa? Mwacheni aongee. Sisi Kiswahili tulijifunza kwa kuambiwa kielezi ni nini?

Kipanga_Pwani

Mzee kagonga msumari 👏 mimi nilikuwa wa kwanza kwa hizo nane na mpaka leo nikiombwa njia na mzungu naonyesha kwa kidole

Chaki_Nyeupe

Mzee wangu shikamoo. Nakubaliana na wewe nusu, mtu anayekariri majina bila kuongea hajui lugha, nao tunao wengi. Lakini hiyo kazi yako ukiangalia vizuri unaitumia sarufi kila siku. Pale getini mnaposhughulikia kibali cha kuingia hifadhini, hicho kibali unakitamka PER-mit, mkazo mwanzoni. Ranger akikukataza kushuka kwenye gari anasema "We don't per-MIT that", mkazo mwishoni. Tahajia moja, nomino mkazo mbele, kitenzi mkazo nyuma. Ni hivyohivyo "record", "import", "export", "present", "increase". Sio maneno yote, "visit" na "answer" hayahami mkazo, ila yanayohama ni mengi kiasi kwamba anayejua lipi ni nomino na lipi ni kitenzi anatamka vizuri hata asipoambiwa. Na sisi Waswahili tuna tabia ya kuweka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho hata kwenye maneno ya watu.

Kwenye kuandika ndio usiseme. "Advice" na "advise" wanachanganya hata watu wenye shahada, ya kwanza nomino ya pili kitenzi. Na kamusi pia, ukifungua "round" unakuta maelezo marefu yamegawanywa, kuna ya nomino, ya kitenzi, ya kivumishi, ya kielezi, ya kihusishi, kama hujui unatafuta ipi utaondoka na maana ya raundi ya ndondi wakati sentensi yako ilikuwa inazungumzia kuzunguka nyumba.

Mzee_wa_Landcruiser

Marahaba mwalimu. Hiyo ya permit kweli, kuna mgeni aliwahi kunirekebisha nikadhani ananionea. Haya endeleeni nasoma.

BabaWawili

Asanteni sana, nimeelewa kuliko nilivyotarajia. Nimemsomea kijana naye kaleta ya kwake, eti kama kazi ndiyo inayoamua basi "school" kwenye "school bus" ni kivumishi maana inasema basi ni la aina gani. Na "swimming" je? Anasema mwalimu siku moja alisema ni kitenzi na siku nyingine nomino. Nimeshindwa kumjibu, nikamwambia kalale kesho shule.

Msoma_Pembeni

Huyo kijana mlipie ada bila kulalamika.

Ndio hapo kazi peke yake haitoshi inabidi uangalie na tabia ya neno, linaongezeka na nini na linakataa nini. "School bus": jaribu kusema "a very school bus". Jaribu "this bus is school". Jaribu kulilinganisha kama "bigger" na "biggest". Zote zinakataa. Kwa hiyo "school" inafanya kazi inayofanana na ya kivumishi, lakini yenyewe imebaki nomino, nomino mbili zimepangwa na ya mbele inaifafanua ya nyuma. Kiingereza kinapenda sana huo mtindo, "police station", "bus stop", "maize flour". Kuna vitabu vya shule bado vinaita hicho kivumishi, akikutana nacho asishangae.

Kinyume chake kipo. "The poor need help", hapo "poor" imeshika nafasi ya nomino kabisa, ina "the" na ndiyo mtenda. Lakini huwezi kusema "the poors", na unaweza kusema "the very poor". Tabia zote za kivumishi bado inazo.

"Swimming" mwalimu wake hakujichanganya. Angalia kinachoifafanua. "Swimming slowly tires him" hapo imefafanuliwa na kielezi "slowly", na vitenzi ndivyo vinavyofafanuliwa na vielezi. "His slow swimming annoyed the coach" hapo imefafanuliwa na kivumishi "slow", kwa hiyo ni nomino. Na ikibeba kitu mbele yake moja kwa moja, kama "Swimming the river is dangerous", ubavu huo wa kubeba yambwa ni wa kitenzi, hata kama kifungu kizima kimekaa mahali pa nomino mwanzoni mwa sentensi. Ikisimama peke yake, "I like swimming", hapo watu wa sarufi wenyewe wanarushiana maneno na mtihani wa darasa la sita haupaswi kuiuliza kabisa.

DadaWaIsimu

Nimechelewa uzi mtamu huu. Ya kuongezea ni vile vineno vidogo, "up", "down", "in", "off", hapo ndipo wengi wanapoanguka kwa sababu wanakariri kwamba vyote ni vihusishi basi. Chukua hizi mbili: "He ran up a hill" na "He ran up a bill". Kwa macho ni pacha, tofauti ni herufi moja tu. Lakini ya kwanza jamaa kapanda kilima, "up a hill" ni kifungu kimoja, na "up" ni kihusishi. Ya pili jamaa kala kwenye hoteli mpaka deni likarundikana, "ran up" ndiyo imeshikamana. Ushahidi ni kwamba ya pili unaweza kuihamisha, "He ran a bill up" wanasema vizuri tu, lakini "He ran a hill up" hakuna mzungu atakuelewa. Hiyo "up" ya deni vitabu vya shule vinaiita kielezi, wengine wana jina lake la pembeni kabisa.

Mimi nikiwa na wanafunzi huwa siwapi orodha ya nane wala tisa siku ya kwanza. Nawapa makundi mawili tu. Kuna maneno yanayopokea wageni kila siku, nomino, vitenzi, vivumishi, vielezi, hapo ndipo "selfie" na "blog" zimeingia na Google ikawa kitenzi. Na kuna makundi yamefunga mlango, "the", "and", "of", "she", "must", hayo hayapokei mtu kirahisi, hapo juzijuzi tumeona watu wanataka "they" itumike kwa mtu mmoja anayejulikana na ugomvi wake mmeuona wenyewe, wakati kuongeza nomino mpya hakuna anayegombana. Makosa yetu mengi sisi Waswahili kwenye Kiingereza yako kwenye hilo kundi lililofungwa, hasa "a" na "the" maana kwetu hazipo, kwa hiyo mwalimu anayesisitiza ditamina mimi namuunga mkono kwa sababu hiyo tu, sio kwa ajili ya jina.

BabaWawili

Nimemtumia mwalimu ujumbe kwa ustaarabu, nimemuuliza shule inatumia orodha ipi, kajibu vizuri kwamba ni tisa na ditamina imo, na kwamba kiwakilishi asingekipa alama kwa sababu kitabu chao hakisemi hivyo. Nimekubali, mambo ya Cambridge nimeyaweka mfukoni. Ila kijana bado ananikaba, leo kaniandikia "I know that that bag is the one that he lost" anataka kila "that" ni nini. Nahisi mnamjaza.

Chaki_Nyeupe

😂 Mwambie kwa kitabu chao "that" ya kwanza ni kiunganishi, inaunganisha "I know" na kinachojulikana, na ndiyo pekee kati ya hizo tatu anayoweza kuitoa na kuacha pengo bila kuweka kitu, "I know that bag..." bado inasimama, ingawa msomaji atajikwaa kidogo. Ya pili ni ditamina, abadilishe aweke "the" au "my" aone inakubali. Ya tatu ni kiwakilishi cha rejeshi, inarudi kwenye "the one". Hiyo ya tatu nayo anaweza kuiondoa akasema "the one he lost", kwa sababu aliyepoteza ni "he" na "that" ni kilichopotea. Lakini ikiwa "that" ndiyo mtenda, kama "the bag that fell", haiondoki.

Nimesema ya kwanza ndiyo pekee inayotoka halafu nimeitoa na ya tatu, kijana ataliona hilo kabla yako, mwambie zinatoka zote mbili ila kwa masharti tofauti, ya kwanza inategemea kitenzi kilichotangulia. Baada ya "know", "think" na "say" inatoka kirahisi. Ijumaa nikipata muda nitamwekea mazoezi kumi hapa ayafanye bila kuangalia komenti.